Kilichosampulishwa ni Nini, Mtoto au Neno? Uhakiki wa Uhitimishaji wa Kitakwimu katika Saikolojia ya Usomaji wa Kiswahili kwa Mfano wa Ilongero, Singida

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mbinu za uhitimishaji wa kitakwimu zinavyoteuliwa na kutumiwa katika tafiti za kisaikolojia zinazochunguza usomaji wa Kiswahili miongoni mwa watoto ambao lugha yao ya nyumbani si Kiswahili. Ilongero, mkoani Singida, inatumika kama uwanja wa mfano. Hoja inayojengwa ni kwamba mbinu haina budi kuteuliwa kwa kutazama kilichosampulishwa, yaani watoto, shule na maneno yenyewe. Pale sharti hili linapopuuzwa, lugha ya nyumbani ya mtoto hutiwa hatiani kwa ushahidi usioweza kubeba hukumu hiyo.

1.0 Utangulizi

Ilongero ni mji mdogo ulio kaskazini mwa mji wa Singida, katika eneo la wasemaji wa Kinyaturu, lugha ya Kibantu ambayo wanaisimu huiita pia Kirimi na ambayo katika uainishaji wa Guthrie hupewa namba F32. Mtoto anayeanza shule katika vijiji vinavyouzunguka mji huo, ambako alizeti, mtama na uwele ndiyo mazao yaliyozoeleka, aghalabu amelelewa kwa Kinyaturu. Shuleni hupokewa kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na afikapo Darasa la Pili stadi zake za kusoma, kuandika na kuhesabu hupimwa kwa lugha hiyohiyo. Kipimo hutoa namba, na namba huzaa sentensi ambayo wasomaji wa ripoti za elimu wameizoea: kwamba watoto wanaozungumza lugha ya jamii nyumbani wako nyuma ya wenzao kwa tofauti yenye umuhimu wa kitakwimu.

Sentensi hiyo ndiyo inayohakikiwa hapa. Si kwamba ni ya uongo. Huenda mahali fulani ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mara nyingi mbinu iliyoizaa haikuwa na uwezo wa kuizaa. Nayo ikishaandikwa haikai katika jarida. Huenda kwa afisa elimu, ikatoka huko ikiwa agizo, ikamfikia mzazi kama ushauri kwamba aache kuzungumza na mwanawe kwa lugha anayoijua vizuri zaidi.

2.0 Mbinu Iliyotoka Shambani

Sehemu kubwa ya mbinu zinazofundishwa leo katika kozi za utafiti wa saikolojia na elimu ilizaliwa katika kilimo. Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, alieleza katika vitabu vyake vya mwaka 1925 na 1935 namna ya kugawa vipande vya shamba kwa nasibu, kuvipa mbolea au mbegu tofauti, kisha kukadiria kama tofauti ya mavuno inazidi ile inayoweza kuletwa na bahati tupu. Thamani ya p kwake ilikuwa kipimo cha namna data zinavyokinzana na nadharia tete ya kutokuwapo kwa tofauti. Mwaka 1933 Jerzy Neyman na Egon Pearson waliweka mbele jambo jingine: kanuni ya kuamua kati ya nadharia tete mbili huku mtafiti akipanga mapema ni kosa la aina gani analoweza kulivumilia na kwa kiasi gani. Vitabu vya kufundishia saikolojia viliyachanganya mawazo haya mawili yasiyofanana na kutoa kanuni moja isiyo ya Fisher wala ya Neyman: ikiwa p ni chini ya 0.05, andika kuwa umegundua.

Gharama ya kanuni hiyo ilidhihirika mwaka 2015, pale kundi la watafiti lililojiita Open Science Collaboration liliporudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yaliyovuka kizingiti. Katika marudio ni asilimia 36 tu. Mwaka uliofuata Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kwamba thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli wala haipimi ukubwa wa athari. Haya yanajulikana sana na hayahitaji kurefushwa.

Lisilosemwa sana ni kwamba shamba liliipa mbinu ya Fisher kitu ambacho darasa haliipi. Mkulima wa Ilongero mwenye vipande 20 vya alizeti anaweza kupiga kura kipande kipi kipate mbolea. Hakuna kura inayoweza kumpa mtoto lugha ya mama yake. Mtafiti anapolinganisha wasemaji wa Kinyaturu na wasemaji wa Kiswahili kwa kipimo cha t anatumia chombo kilekile cha shambani, lakini nasibu iliyokipa chombo hicho nguvu yake haipo.

3.0 Neno “Umuhimu”

Kiswahili chenyewe kimeongeza mzigo mmoja. Istilahi ya Kiingereza inayotafsiriwa kama “umuhimu wa kitakwimu” ina utata hata katika lugha yake, lakini kwa Kiswahili utata umekwisha kabisa, na umekwisha kwa upande usiofaa. Kwa msemaji wa Kiswahili, kitu muhimu ni kitu kikubwa, cha maana, kisichopuuzwa. Msomaji anayeambiwa kuwa tofauti ya nusu neno kwa dakika ni muhimu kitakwimu hawezi kulaumiwa akielewa kuwa nusu neno ni jambo kubwa. Sampuli ikiwa kubwa vya kutosha, tofauti isiyo na maana yoyote kwa mwalimu huvuka kizingiti. Ikiwa ndogo, tofauti ambayo mwalimu angeiona kwa macho haivuki. Istilahi “umuhimu” inaficha yote mawili. Ni afadhali mwandishi aseme kwa maneno ya kawaida kwamba tofauti inazidi ile inayotarajiwa kwa bahati tupu, kisha aeleze ni kubwa kiasi gani na makisio yake yanayumba kati ya wapi na wapi.

Ukosefu wa hayo masafa ndio unaofanya majedwali ya asilimia yaonekane madhubuti kuliko yalivyo. Katika tasnifu nyingi za Kiswahili mtu husoma kwamba asilimia 65 ya wahojiwa walikubali jambo fulani, na kurasa mbili nyuma hugundua kuwa wahojiwa walikuwa 20. Asilimia 65 ni watu 13. Hata kama watu hao wangekuwa wameteuliwa kwa nasibu, masafa ya uhakika ya asilimia 95 yangeanzia takribani 43 na kuishia 82, yaani kutoka wachache hadi wengi mno. Aghalabu hawakuteuliwa kwa nasibu. Sura ya mbinu husema wazi kuwa usampulishaji ulikuwa lengwa, nayo sura ya matokeo huhesabu kai-mraba kana kwamba kura ilipigwa. Usampulishaji lengwa ni mbinu halali kabisa. Isiyo halali ni kuutumia kisha kudai hitimisho linalohusu watu ambao hawakupewa nafasi yoyote ya kuteuliwa.

4.0 Maneno Nayo ni Sampuli

Kasoro iliyo kubwa zaidi kwa mwanaisimu ni ile ambayo wanasaikolojia waliambiwa na mwenzao zaidi ya miaka 50 iliyopita. Baada ya Coleman kuligusa jambo hili mwaka 1964, Herbert Clark alichapisha mwaka 1973 makala iliyoonesha kuwa watafiti wa lugha walikuwa wakitoa hitimisho kuhusu lugha nzima kwa kutumia maneno machache, huku hesabu zao zikichukulia kuwa maneno hayo ndiyo lugha yenyewe. Watu walichukuliwa kuwa sampuli. Maneno hayakuchukuliwa hivyo. Matokeo yake ni kwamba utafiti ungeweza kurudiwa na watu wengine kwa maneno yaleyale ukatoa jibu lilelile kila mara, kisha ukavunjika siku maneno yanapobadilishwa.

Chukulia kuwa mtafiti anataka kujua kama watoto wa Darasa la Pili mjini Ilongero husoma kwa urahisi zaidi maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kibantu kuliko yale ya mkopo kutoka Kiarabu, kwa dhana kwamba Kinyaturu kinawasaidia katika yale ya kwanza. Anaandaa maneno kumi ya kila kundi: upande mmoja mtu, moto, jicho na mengine, upande wa pili kalamu, sahani, daftari na mengine. Watoto 40 wanayasoma yote. Mtafiti anapata wastani wa kila mtoto kwa kila kundi na kufanya uchanganuzi wa variansi. Tuseme anapata F ya 9 kwa watoto. Kwa digrii huru 1 na 39, hiyo inavuka kizingiti cha 0.01, na makala inaandikwa.

Sasa hesabu ifanywe kwa upande wa pili, kila neno likipewa wastani wa watoto wote. Maneno ni 20 tu, kwa hiyo digrii huru ni 1 na 18, na kizingiti cha 0.05 ni F ya 4.41. Tuseme inapatikana F ya 3. Haivuki. Clark alipendekeza kuunganisha mbili hizo kwa kuzizidisha kisha kugawa kwa jumla yake: 27 kwa 12, ambayo ni 2.25. Ugunduzi umetoweka, na hakuna mtoto hata mmoja aliyebadilisha alama yake. Kilichobadilika ni swali. Hesabu ya kwanza iliuliza kama watoto wengine wangefanya hivyo kwa maneno haya 20. Ya pili iliuliza kama jambo hilo lingetokea kwa maneno mengine ya aina hiyohiyo, na hilo ndilo dai lililokuwa katika kichwa cha makala.

Mwanaisimu akiyatazama maneno yenyewe anaona kwa nini hali huwa hivyo. Mtu ni neno la Kibantu lisilo na shaka, na Kinyaturu kina muntu. Lakini kwa mtoto anayejifunza kusoma, ufanano huo huenda usiwe msaada. Katika mtu, silabi ya kwanza ni nazali inayosimama peke yake bila irabu, ilhali katika muntu irabu ipo. Mtoto aliyefundishwa ma, me, mi, mo, mu anakutana na m iliyoachwa peke yake. Akisoma “mutu” atakuwa ametumia maarifa yake ya lugha mbili kwa pamoja, na mpimaji ataandika kosa. Kalamu na sahani ni za mkopo, lakini kila silabi yake ni konsonanti na irabu, umbo ambalo mtoto amelifanyia mazoezi tangu siku ya kwanza. Daftari ni ya mkopo pia, nayo ina silabi funge daf ambayo haimo katika chati ya silabi ukutani. Kwa hiyo kundi la “Kibantu” na kundi la “mkopo” yamechanganya asili, urefu, muundo wa silabi na mazoea ya darasani. Neno moja likitolewa na kuwekwa jingine, wastani wa kundi zima unaweza kugeuka.

Umbo la maneno linaharibu pia ulinganisho wa lugha kwa lugha. Vipimo vya usomaji wa awali vya aina ya EGRA, vilivyobuniwa na shirika la RTI mwaka 2006 na kutumiwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, huhesabu maneno yanayosomwa kwa usahihi katika dakika moja. Hawakutuandikia ni neno moja. Lina silabi nane, na Mwingereza angehitaji maneno sita kulisema. Mtoto wa Ilongero aliyelisoma lote amepata alama moja. Wa London angepata sita. Hakuna modeli ya takwimu, hata iwe ya kisasa namna gani, inayoweza kurekebisha kipimo kilichokosewa katika kizio chake cha kuhesabia. Katika lugha ambishi bainishi, silabi ni kizio cha haki zaidi.

Kazi ya Alcock na Ngorosho (2003) kuhusu tahajia ya Kiswahili ni mfano wa njia iliyo bora. Kiswahili huandikwa kwa utaratibu ulionyooka, na wengi hudhani kwamba kwa hiyo tahajia yake si kazi kubwa. Watafiti hao walionesha kuwa sivyo, kwa kuchambua aina za makosa yenyewe badala ya kuridhika na jumla ya alama. Kosa likichambuliwa huonesha lilikotoka. Alama ya jumla hulificha.

5.0 Watoto wa Shule Moja si Watu Tofauti Kabisa

Kasoro ya pili inahusu watoto. Watoto 30 wa darasa moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile na, kwa shule za kijijini, pengine njia ileile ya kwenda shule. Alama zao hufanana kuliko zingefanana za watoto 30 waliookotwa wilaya nzima. Kiwango cha kufanana huko kikiwa 0.2, jambo lisilo la ajabu katika tafiti za elimu, sampuli ya watoto 300 kutoka shule kumi hupungua nguvu kwa mara 6.8, kwa sababu 1 inaongezwa 29 zilizozidishwa kwa 0.2. Mtafiti ana watoto 300 katika jedwali lake, lakini kwa suala la uhitimishaji ana kama 44. Kipimo cha t cha kawaida hakijui hilo na hakiulizi.

Si kwamba Afrika Mashariki haina mifano ya kuigwa. Katika mradi wa HALI uliofanyika pwani ya kusini ya Kenya, uliohusu afya na usomaji, shule 101 ndizo zilizogawanywa kwa nasibu, na uchanganuzi ukaheshimu ukweli kwamba kilichogawanywa ni shule, si mtoto mmojammoja. Upimaji wa Uwezo nao huteua maeneo na kaya kwa nasibu katika kila wilaya, hatua ambayo tafiti ndogo za vyuoni huiruka kwa kisingizio cha gharama. Kisingizio hicho kina ukweli ndani yake. Lakini gharama ikizuia nasibu, inazuia pia aina ya sentensi zinazoweza kuandikwa mwishoni.

Upimaji huohuo wa Uwezo unatoa funzo jingine. Humweka mtoto katika ngazi: asiyeweza, silabi, neno, aya, hadithi. Hizi ni ngazi, si umbali. Hatua kutoka silabi hadi neno si lazima iwe sawa na kutoka aya hadi hadithi, na anayezipa namba kutoka 0 hadi 4 na kutafuta wastani amejipa taarifa ambayo mtoto hakuitoa. Zipo modeli za data za ngazi na hazihitaji kompyuta ya pekee.

6.0 Kesi Dhidi ya Lugha ya Nyumbani

Yote yaliyotangulia yangekuwa mambo ya ufundi kama si sentensi iliyotajwa katika utangulizi. Pale mjini Ilongero penyewe, kama ilivyo katika miji midogo mingi ya bara, mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mtoto wa mtumishi wa umma au mfanyabiashara. Nyumbani mwake huenda kuna kitabu, kuna taa, kuna mtu mzima aliyefika sekondari, na shule haiko mbali. Anayezungumza Kinyaturu pekee huelekea kutoka vijijini. Wastani wa makundi mawili ukitofautiana, tofauti hiyo ni ya lugha, ya kitabu, ya umbali na ya elimu ya wazazi kwa pamoja. Ngorosho na Lahtinen (2010), katika utafiti wao kuhusu wanafunzi wa shule za msingi nchini Tanzania, waliyafanya mazingira ya nyumbani kuwa kiini cha uchunguzi wa utambuzi wa sauti, usomaji na uandishi. Anayeyaacha mazingira hayo nje ya modeli anaikabidhi lugha deni la vitu vingine vyote.

Kuyaingiza katika regresheni kunasaidia, ila hakumalizi. Ikiwa karibu watoto wote wa Kinyaturu wako vijijini na karibu wote wa Kiswahili wako mjini, programu ya kompyuta itatoa namba ya “athari ya lugha baada ya kudhibiti makazi”, lakini namba hiyo itakuwa imeegemea watoto watatu au wanne wasiofuata mkumbo. Jedwali rahisi la idadi, lenye lugha kwa safu na makazi kwa mistari, lingeonesha seli tupu mapema kuliko modeli yoyote. Ni ajabu jinsi jedwali hilo linavyokosekana katika makala zenye modeli nzito.

Kuna pia swali la alama yenyewe inabeba nini. Sternberg, Grigorenko, Ngorosho na wenzao (2002) walifanya utafiti katika eneo la Bagamoyo ambamo watoto walipimwa, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kukabili maswali ya aina ile, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda, na alama za mara ya pili zilieleza uwezo wa watoto vizuri zaidi kuliko za kwanza. Kwa mtoto ambaye siku ya upimaji ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya mtu mgeni mwenye saa mkononi anayemsemesha Kiswahili cha shuleni, alama ya mara moja inapima pia ugeni huo. Thamani ya p haiwezi kuutenganisha.

7.0 Uteuzi wa Mbinu

Kwa data zenye watoto waliosoma maneno yaleyale katika shule kadhaa, mbinu inayostahili kuwa ya kwanza kufikiriwa ni modeli mseto, ambayo Baayen, Davidson na Bates waliifafanua kwa wanaisimu-saikolojia mwaka 2008. Huchukua mtoto na neno kwa pamoja kuwa vyanzo vya nasibu, na shule inaweza kuongezwa juu yao, bila ya kulazimika kuunganisha hesabu mbili kama alivyofanya Clark. Barr na wenzake (2013) walishauri kuwa modeli ibebe muundo wote wa nasibu unaoruhusiwa na usanifu wa utafiti; Matuschek na wenzake (2017) walijibu kuwa ushauri huo ukifuatwa bila kiasi hupunguza uwezo wa kuona athari iliyopo. Kwa tafiti za ukubwa wa zile zinazofanyika Singida, zenye shule chache na maneno machache, upande wa pili una nguvu zaidi kuliko unavyopewa: modeli iliyojazwa kupita uwezo wa data hukataa kukamilika au hutoa makisio yasiyoaminika, na mtafiti hubaki akichagua toleo lililompendeza.

Alama za usomaji wa awali zina tatizo lao la pekee, nalo ni sifuri. Watoto wengi hawasomi hata neno moja, wachache husoma mengi. Wastani wa data kama hizo haumwakilishi yeyote. Ni sahihi zaidi kuuliza maswali mawili mbalimbali: ni watoto wangapi walioanza kusoma, na miongoni mwa walioanza, wanasoma kwa kasi gani. Huenda Kinyaturu kikawa na uhusiano na swali la kwanza na kisiwe na wowote na la pili, au kinyume chake, na hatua za kuchukua darasani zingekuwa tofauti kabisa. Vilevile, kipimo chenye sehemu sita kikichunguzwa sehemu moja moja kwa kizingiti cha 0.05, nafasi ya kupata angalau “ugunduzi” mmoja wa bahati tupu, ikiwa sehemu hizo hazitegemeani, ni takribani asilimia 26. Anayeripoti sehemu moja iliyovuka na kunyamazia tano zisizovuka hajadanganya katika neno lolote aliloliandika.

Njia ya Bayes huletwa siku hizi kama suluhisho. Faida yake ni ya kweli: humlazimisha mtafiti aseme mapema anaamini nini, na hujibu swali ambalo wasomaji hudhani thamani ya p inalijibu. Lakini maneno 20 hubaki 20. Wala haipigi kura palipokosekana kura.

Kwa utafiti wenye shule mbili na maneno 15, uamuzi wa kitaalamu zaidi huenda ukawa kutohitimisha kabisa kwa takwimu, bali kueleza neno kwa neno: watoto wangapi walisoma “mutu”, wangapi waliishia daf, wangapi waliruka. Wahakiki wa majarida wamezoea kurudisha makala ya namna hiyo wakidai “uchanganuzi wa kina”, na mwandishi hurudi na kipimo cha t. Dai hilo ndilo linalostahili kurudishwa. Pamoja nalo, kila makala inayoripoti alama za usomaji wa Kiswahili ingetakiwa kuchapisha orodha kamili ya maneno yaliyotumika, kwa mpangilio yalivyosomwa, na idadi ya watoto waliofaulu kila neno. Ni nusu ukurasa tu, na humwezesha mwalimu wa Ilongero anayejua Kinyaturu kuona kitu ambacho mtafiti hakukitazamia.